Nembo Isiyoungua

Nchi hii si yenu, wasomaji, kwa hiyo kaeni kwa raha. Ninyi mna viongozi wenye akili. Nchi inayosemwa hapa iko upande mwingine kabisa wa dunia, na watu wake ni wapole kiasi kwamba mtu akikanyagwa huomba radhi kwa kuweka mguu mahali pabaya.

Asubuhi moja Rais wa nchi hiyo alifungua dirisha la Ikulu, akaona moshi wa mkaa umetanda juu ya mji, akakohoa. Alikohoa mara moja tu. Lakini kikohozi cha Rais si kikohozi cha mtu. Ilipofika adhuhuri Bunge lilikuwa limeshapitisha sheria: mkaa marufuku, kuni marufuku, na mafiga matatu yakionekana pamoja yahesabiwe kuwa mkusanyiko usio na kibali. Kila nyumba ikapewa maikrowevu moja iliyofungwa utepe. Nyumba zisizo na umeme zikapewa mbili, ili zisijione zimebaguliwa.

Watu walishukuru, wakaanza kupika. Walitia ndani sufuria za alumini zikatoa cheche. Walitia sahani za bati zenye maua, na vikombe vya harusi vyenye ukingo wa dhahabu, vikalia kama bunduki. Walitia makopo ya siagi ya plastiki laini, yakayeyuka yakachanganyika na wali, nao wakala wakasema wali wa siku hizi una utelezi mzuri.

Ndipo ikaundwa Wizara ya Vyombo na Mapishi ya Kisasa, yenye ghorofa tisa. Na chini ya ngazi, jirani na stoo ya mafagio, ikawekwa Maabara ya Taifa ya Vyombo. Maabara ilikuwa na meza moja, maikrowevu moja, bilauri moja ya maji, na mtu mmoja.

Mtu huyo alikuwa Siwema.

Siwema alikuwa na shahada, miaka ishirini na sita, na haya nyingi kuliko vyote hivyo. Alikuwa akibisha hodi kwenye ofisi yake mwenyewe kabla ya kuingia. Chombo kikipasuka mikononi mwake alikipa pole. Mama yake alifariki yeye akiwa hajaota meno, akalelewa na shangazi yake, Asumini, mwanamke mnene, mcheshi, aliyemsomesha kwa vitumbua mpaka chuo, na ambaye sasa ndiye aliyekuwa mpishi wa kantini ya wizara hiyohiyo. Kila saa nne asubuhi Siwema alipanda kantini, akasimama nyuma ya mlango mpaka foleni iishe.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Toka huko nyuma ya mlango, wewe si fagio. Leo umepima nini?"

"Mabakuli mia mbili. Mia na arobaini hayafai."

"Na hayo yanayofaa umeyajuaje? Nifundishe mimi nisiyesoma."

Siwema alilipenda swali hilo, na Asumini alijua, ndiyo maana aliliuliza kila siku. "Unaweka bakuli tupu ndani, Shangazi, na pembeni yake bilauri ya maji. Unawasha dakika moja. Maji yakipata moto na bakuli likabaki baridi, hilo ni bakuli la kupikia. Bakuli likipata moto na maji yakabaki baridi, hilo linakula moto usio wake. Likatae."

"Kama watu," alisema Asumini, akimjazia chai. "Kuna wa kupitisha na kuna wa kula."

*

Waziri wa Vyombo alikuwa Mheshimiwa Tindo Bakamu. Yeye hakupenda kazi ya bilauri. Aliona ni jambo la aibu kwa taifa huru kuuliza maji.

"Ndugu zangu," aliwaambia maofisa wake, "chombo hakiwi salama kwa sababu maji yamesema. Chombo kinakuwa salama kwa sababu Serikali imesema! Tangu lini maji yakapiga kura?"

Maofisa walipiga makofi mpaka ghorofa ya tisa ikatikisika, na chini kabisa, bilauri ya Siwema nayo ikatikisika.

Basi ukatolewa Waraka Namba Saba. Kila chombo nchini, kiwe cha kioo, cha kauri au cha plastiki, kibandikwe chini Nembo ya Usalama: jogoo wa taifa ameshika mwiko, na maneno SALAMA KWA AMRI. Na kwa kuwa nembo ya karatasi haina heshima, nembo hiyo ikatengenezwa kwa foili, ile karatasi ya kung'aa ya kufungia chokoleti. Kwa bahati njema kabisa, shemeji wa Waziri alikuwa na ghala zima la foili, baada ya kiwanda chake cha chokoleti kufungwa na panya. Nchi ile ina bahati sana na mashemeji.

Siwema alipoletewa nembo ya kwanza alidhani ni mzaha. Kila anayepima vyombo anajua kwamba foili na maikrowevu ni paka na mbwa. Akaibandika chini ya bakuli zuri la kioo, akawasha, akahesabu: moja, mbili, tatu, nne. Kwenye nne jogoo wa taifa alitoa cheche, gundi ikashika moto, na mwiko wake ukawa kaa. Siwema alizima, akaacha mlango umefungwa, moto ukakosa hewa ukafa. Kisha akaandika ripoti ya mistari miwili, ya ujasiri kuliko yote aliyowahi kuandika:

"Nembo inawaka moto ndani ya sekunde nne. Iondolewe kwenye vyombo vyote mara moja."

Akatia sahihi. Ripoti ikaanza kupanda ngazi.

Mkuu wa kitengo aliona neno "moto" ni kali, akalifuta. Aliyemfuata aliona "inawaka" linatia watu hofu, akaandika "inatoa mwanga". Wa tatu, ambaye hupenda kuongeza kitu ili aonekane amesoma, akaongeza "wa kutosha". Wa nne alishtuka kuona "iondolewe". Alimjua Siwema kuwa binti mwenye adabu, na binti mwenye adabu hawezi kuomba Nembo ya Taifa iondolewe. Akamsaidia, akaandika "isambazwe". Wa tano, wa sita na wa saba walitia saini tu, maana ilikuwa Ijumaa.

Ripoti ilipofika kwa Waziri ilisema: "Nembo inatoa mwanga wa kutosha ndani ya sekunde nne. Isambazwe kwenye vyombo vyote mara moja." Sahihi ya Siwema haikuguswa hata nukta. Kughushi sahihi ni kosa la jinai, na wale walikuwa watumishi waaminifu.

*

Nembo milioni kumi na moja zilibandikwa. Wananchi wenye akili walizibandua kwa siri, wakapikia vyombo bila nembo, wakazibandika tena mkaguzi akipita. Lakini kantini ya wizara haikuwa na pa kujificha. Mkaguzi alikuwa akila hapo.

Jumatatu moja Asumini alipasha maharage ya nazi ya ofisa mmoja kwenye bakuli lenye nembo. Moto ukawaka. Yeye, ambaye maisha yake yote alipika kwa moto anaouona, alifanya alichofanya siku zote moto ulipozidi. Alifungua mlango ili autoe. Hewa ikaingia, moto ukatoka kumlaki, ukamshika mkono wa kulia mpaka kiwikoni.

Polisi walifika kabla ya gari la wagonjwa. Walichukua bakuli kwa uangalifu mkubwa, wakalifunika shuka safi. Asumini wakampakia nyuma.

Shtaka lilikuwa Kuunguza Nembo ya Taifa. Hakimu Lukanga, mzee mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kutosoma, alimuuliza kama ana la kusema.

"Sikuiunguza mimi, Mheshimiwa Hakimu," Asumini alisema, mkono umefungwa bandeji kama mtoto mchanga. "Imewaka yenyewe."

"Nembo ya Taifa haiungui," alisema Hakimu. "Ingekuwa inaungua, Serikali isingeibandika. Tunaye mtaalamu?"

Ikasomwa ripoti. Mwanga wa kutosha. Isambazwe. Siwema, aliyekaa benchi la nyuma, alisikia maneno yasiyo yake yakitembea na jina lake. Akasimama. Alifungua mdomo, na mbele ya nyuso zile zote zilizogeuka kumtazama, sauti ikamkwama kooni kama mfupa wa samaki.

Hakimu alisubiri kwa heshima kiasi cha pumzi mbili. "Mtaalamu amenyamaza," alimwambia karani. "Kunyamaza ni kukubali. Andika."

Miezi tisa jela.

*

Jumapili ya tatu Siwema alikwenda gerezani. Walikaa pande mbili za wavu. Asumini alikuwa amepungua. Mkono wake ulinuka dawa ya kuosha sakafu, kwa sababu ndiyo dawa pekee iliyokuwepo.

"Mbona huli?" Siwema aliuliza.

"Nakula. Huku wanapikia mkaa, mwanangu. Wali unaiva unanukia. Wahalifu wana bahati." Alijaribu kucheka. Vidole viwili vya mkono ule havikukunjika. Aliona Siwema ameviona, akavificha chini ya khanga. "Daktari wa hapa anasema visipotibiwa vizuri mwezi huu, ndiyo basi. Nitakaanga vitumbua kwa mkono wa kushoto. Kitumbua hakiulizi kimegeuzwa na mkono upi."

"Shangazi, ilikuwa ni ripoti yangu."

"Haikuwa yako. Mimi ndiye niliyekulea, nakujua unavyosema. Wewe huwezi kusema 'wa kutosha', wewe hata chai unasema nipe kidogo." Akasogea karibu na wavu. "Nisikilize. Usilie. Ukilia huku wanaandika."

Siwema hakulia. Aliondoka na macho makavu, na watu waliomwona njiani walidhani amepona haya.

Kesho yake, chini ya ngazi, alikuta karatasi mezani. Ilikaribia Siku ya Chombo Salama, ambapo Waziri mwenyewe hupasha chakula jukwaani mbele ya taifa zima na kukila. Miaka yote bakuli la jukwaani lilitayarishwa na katibu wake, Bwana Machela. Mwaka huu Machela alikuwa na homa, kazi ikashushwa ngazi mpaka ikaishia chini. Karatasi ilisema:

"Andaa bakuli la Mheshimiwa. Nembo ya bakuli hilo isiwe ya foili. Iwe ya karatasi ya kawaida, ipakwe rangi ya fedha. Siri."

Na chini yake, kubwa, yenye mikia mitatu, sahihi ya Waziri Tindo Bakamu.

Siwema aliisoma mara nne. Kwa hiyo walijua. Alikuwa amewadhani wajinga muda wote ule, na moyo wake laini ulikuwa umewahurumia kwa ujinga wao. Wajinga husamehewa. Lakini huyu alijua kwamba jogoo wake anawaka, akajipakia wa rangi, na mkono wa Asumini akauachia wa foili.

Moyo wa Siwema haukupasuka. Ulifanya kama bakuli zuri ndani ya maikrowevu. Ulibaki baridi kabisa, na kilichokuwa ndani yake kikachemka.

Alichukua Waraka Namba Saba na kuusoma mpaka mwisho, mtu wa kwanza nchini kufanya hivyo, akiwemo mwandishi wake. Kifungu cha kumi na mbili kilisema: "Yeyote atakayebandika nembo isiyo halisi amelisaliti Taifa." Siwema alikuwa mtumishi mwenye adabu. Hakutaka kulisaliti Taifa. Alichukua bakuli la kioo, akachagua nembo halisi ya foili, ile inayong'aa kuliko zote, akaibandika kwa mkono wake. Karatasi ya Siri akaikunja, akaiweka ndani ya sidiria, benki ambayo shangazi yake alimfundisha kuiamini.

Lakini moyo haubadiliki wote kwa siku moja. Alipeleka jukwaani ndoo ya mchanga, na kibao alichoandika kwa herufi kubwa: IKIWAKA, ZIMA. USIFUNGUE MLANGO.

Waziri alikiona kibao wakati wa kukagua jukwaa. "Nani ameleta uchuro huu?"

"Ni mimi, Mheshimiwa," Siwema alinong'ona. "Ni kwa usalama wako."

"Binti, usalama wangu unalindwa na askari sitini. Ondoeni. Na hiyo ndoo ipandeni maua."

*

Uwanja ulijaa. Wasiotaka kuja walisaidiwa na magari ya jeshi. Televisheni zote zilikuwa zimewashwa kwa amri, hata za magerezani. Waziri alisimama mbele ya maikrowevu iliyovikwa bendera, masharubu yake yamepakwa mafuta yakachongoka pande zote mbili kama pembe za ng'ombe wa mahari.

"Ndugu wananchi! Wapo wenye ndimi za kuwasha! Wapo wapishi wazembe, wanaounguza mikono yao kwa makusudi ili kuichafua Nembo! Leo nitawaumbua kwa bakuli la pilau!" Akageuka. "Mtaalamu wetu huyu hapa. Njoo, binti, usiogope, hakuna anayekula watu. Waambie wananchi: bakuli hili lina Nembo?"

Kipaza sauti kikasogezwa mdomoni pa Siwema.

"Lina Nembo, Mheshimiwa."

"Nembo halisi?"

"Halisi, Mheshimiwa. Nimeibandika mwenyewe."

Waziri alicheka, akamkonyeza. Alifurahi kuona binti mpole anajua kudanganya vizuri hivyo. Akaweka bakuli ndani, akageuza kitufe mpaka dakika tano.

Siwema akahesabu moyoni. Moja. Mbili. Tatu.

Kwenye nne, jogoo aliwika. Cheche ziliruka nyuma ya kioo, kisha ulimi wa moto wa rangi ya machungwa ukalamba pilau.

"Mheshimiwa, usifungue mlango!"

Ilikuwa sauti kubwa kuliko zote alizowahi kutoa maishani. Kipaza sauti kiliinyakua, kikaipeleka nchi nzima, hivyo hakuna aliyeweza kusema baadaye kwamba hakuonywa. Lakini Waziri hajawahi kupokea ushauri kutoka ngazi ya nne ya mishahara. Alifungua. Moto ukatoka kumlaki. Masharubu yenye mafuta yalishika pande zote mbili kwa pamoja, kwa usawa mzuri sana, na kwa muda mfupi Mheshimiwa alifanana na gari lililowasha taa. Siwema ndiye aliyemmwagia ndoo, mchanga pamoja na maua.

Na Waziri, uso mweusi, petali moja limenasa kwenye mdomo, alipiga kelele iliyofika kila sebule:

"Sikuiunguza mimi! Imewaka yenyewe!"

Kwenye ukumbi wa gereza la wanawake, Asumini aliinua kichwa kutoka kwenye bakuli lake la wali.

"Hayo maneno yangu," alisema.

*

Rais aliunda Tume, nayo ilifanya kazi usiku na mchana mpaka saa sita mchana. Ilikata shauri hivi: Nembo ya Taifa haiungui. Kilichowaka jukwaani kimeungua. Kwa hiyo kilichowaka si Nembo, ni bandia. Sasa nani aliibandika bandia?

Swali likapelekwa mahakamani, na Hakimu Lukanga akavaa miwani ya kusomea. Siwema akasogea mbele, akatoa karatasi iliyokunjwa, akaiweka mezani bila neno. Karani akaisoma kwa sauti: isiwe ya foili, iwe ya karatasi, ipakwe rangi. Na sahihi yenye mikia mitatu.

"Ni kweli niliagiza bandia!" Waziri alilia kutoka kizimbani. "Lakini hakubandika bandia! Alibandika halisi! Binti, sema! Uliniambia mwenyewe mbele ya watu. Waambie ilikuwa ya foili, waambie foili inawaka!"

Ukumbi mzima wa nyuso ukamgeukia Siwema, kama siku ile. Alimtazama Waziri, mahali yalipokuwa masharubu. Alikuwa na la kusema, na sauti alikuwa nayo, nchi nzima ilikuwa imeshaisikia. Akaikalia.

Hakimu alisubiri pumzi mbili. "Mtaalamu amenyamaza," alimwambia karani. "Kunyamaza ni kukubali. Andika."

Na kwa kuwa Nembo ya Taifa haiungui, ile ya kantini nayo ilikuwa bandia, na mpishi Asumini hajawahi kuunguza Nembo yoyote. Alitolewa jioni ileile, akapelekwa hospitali ya kweli. Kidole kimoja kiliokolewa. Cha pili kilikuwa kimechelewa kwa wiki mbili.

*

Vyombo vyote milioni kumi na moja vilirudishwa ili bandia zibanduliwe, na kazi hiyo akapewa aliyekuwa Waziri kuwa adhabu. Kisu alikatazwa, maana chombo chenye mikwaruzo si salama. Hivyo ni kucha tu. Alikaa chini ya ngazi, jirani na stoo ya mafagio, na sheria ilisema hakuna chombo kitakachotoka mpaka Mkuu wa Maabara, yaani Siwema, akikague na kusema kinafaa.

Asubuhi moja, saa nne, Asumini alikuwa amekaa kwenye kigoda cha maabara, bilauri ya chai mkononi. Kidole kimoja kilikuwa kimesimama mbali na bilauri, kimenyooka, kama mtu aliyekatazwa kukaa na wenzake. Mheshimiwa alisimama mbele ya meza, akatoa bakuli la kioo kwa mikono miwili.

"La mia tatu na sita," alisema. Kucha zake zilikuwa zimeisha mpaka kwenye nyama. "Tafadhali, mama."

Siwema alibisha hodi mezani kwanza, kwa mazoea. Kisha akaligeuza bakuli, akaliinua kwenye mwanga. Halikuwa na foili, wala gundi, wala alama. Lilikuwa safi kama yai. Akahisi ule moyo wake wa zamani unaanza kumwonea mtu huruma, akageuka kumtazama shangazi yake akinywa chai.

"Samahani, Mheshimiwa," alisema kwa upole. "Rudia."

Mheshimiwa alilipokea, akarudi kwenye kona yake. Kucha zikaanza kukwangua kioo kitupu.

Asumini aliinama karibu na sikio la mpwa wake. "Mwanangu, mbona mimi naliona safi lile?"

"Ni safi, Shangazi," alisema Siwema, na akamwongezea chai.